Sikumpokea

Kanisani kwetu mhubiri kijana akikwama hazomewi, wala haambiwi ashuke. Anapokewa. Ni neno lile lile tunalolitumia kwa mtu anayeingia na mzigo kichwani: unamwendea, unanyoosha mikono, unamtua. Tofauti ni kwamba mimbarini mtu anapokewa kwa wimbo. Mwanzishaji wa nyimbo hukaa mwisho wa benchi la pili, upande wa kushoto, mahali anapoiona mikono ya mhubiri bila kugeuza shingo. Akiona kijana amekwama anaanzisha pambio, kanisa zima linalidaka, na yule kijana anapata dakika moja au mbili za kumeza mate, kupanga karatasi zake na kukumbuka aliitiwa nini. Pambio likiisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wako wazee waliokwisha kuota mvi kwenye mimbari ile ambao bado wanajua walipokewa mara ngapi ujanani, na wanazitaja mara hizo kama askari mstaafu anavyotaja makovu.

Mama yangu alilikalia benchi hilo miaka kumi na tisa. Jumapili iliyofuata mazishi yake nilikaa mimi. Hakuna aliyenichagua. Nafasi ilikuwa tupu, mpiga kinanda akanitazama, nikahamia.

Nilikuwa sijalia. Sisemi hivyo kujisifu. Watu walinishika mabega wakaniambia nilie nipunguze, nikawa nawaitikia kama mtu anayeitikia tangazo, na machozi hayakuja. Kula nilikula. Usingizi niliupata. Siku ya tano baada ya mazishi nilirudi kazini, fundi mkuu akaniambia pole, nikamwambia asante, nikavaa barakoa na kuanza kusaga plasta.

Kazi yangu ni meno ya bandia. Nina stashahada yake, imetundikwa kwenye ukuta wa maabara karibu na swichi ya taa. Daktari anatuletea alama za taya la mgonjwa zilizobonyea kwenye ute ulioganda, sisi tunamimina plasta ndani yake, ikikauka tunapata taya zima, jeupe, gumu, lenye kila pengo lake. Juu yake tunajenga fizi kwa nta ya waridi na kupanga jino moja moja. Ni kazi ya mikono inayotaka macho. Miezi ile minne iliyofuata msiba niliifanya vizuri kuliko wakati wowote. Fundi mkuu alisema mkono wangu umetulia. Sikumwambia kwamba kila kitu kilikuwa kimetulia.

Mdogo wangu wa mwisho anaitwa Redio. Ana jina lake la ubatizo, lakini ukiliita nyumbani atageuka mtu mwingine. Alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu aanze hakukuwa na mahali pa kumzimia. Akiwa na miaka kumi na sita alisimama katikati ya ibada ya vijana akasema ameitwa kuhubiri. Baba, ambaye ni dereva wa lori la maji, aliposimuliwa aliuliza kama aliyemwita anajua kwamba huyu mtoto hanyamazi.

"Ndiyo maana kamwita," mama alisema. "Wanyamavu kawaacha kwako."

Kanisa letu halimpeleki mtu chuo cha theolojia kwa sababu amesema ameitwa. Lina utaratibu wake. Kijana anapewa mlezi, na huyo mlezi kwetu ni mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu, ambaye kila mtu anamwita Mama Mlezi. Anawafundisha kusimama, kupumua, kusoma Neno bila kukimbia. Kisha kijana anahubiri mara tatu mbele ya kanisa zima, na karani wa kanisa anajaza fomu. Fomu ina mistari michache: mada, muda, alipokewa mara ngapi, alimaliza au hakumaliza. Hubiri la kwanza unaweza kupokewa hata mara kumi. La pili vilevile. La tatu ni mara moja tu, na ni lazima umalize. Ukifaulu, mchungaji anaandika barua ya kwenda chuoni. Chuo kinapokea barua mara moja kwa mwaka, mwisho wa mwezi wa sita. Ukichelewa unasubiri mwaka.

Redio alipokewa mara nne hubiri la kwanza na mara mbili la pili, zote na mama. Hubiri la tatu lilipangwa Jumapili ya kwanza ya mwezi huo wa sita, mama akiwa amelala kaburini miezi minne.

Mada huchaguliwa na Mama Mlezi. Alimpa Redio mada ya faraja.

Nataka nieleweke hapa. Yule mama hana hila. Alikaa usiku na mchana na mama yangu hospitalini, alimkanda miguu, alimfumba macho. Alimpa Redio faraja kwa upendo, akiamini kwamba mtoto aliyefiwa ataijua mada hiyo kutoka ndani. Hakuwaza kwamba anamtuma mtu mwenye kiu akawagawie watu maji.

Jumamosi nne mfululizo Redio alikuja maabara mchana, fundi mkuu akiwa ameshaondoka, kufanya mazoezi. Nilimpa kiti asimame juu yake. Mbele yake kulikuwa na rafu tatu za mataya ya plasta yaliyosubiri wenyewe, kama sitini hivi, yote yameachama.

"Kanisa zuri hili," alisema siku ya kwanza. "Hakuna anayesinzia."

"Hakuna mwenye macho."

"Na wote wamefungua midomo kabla sijasema neno. Ingekuwa hivi kweli ningekuwa askofu."

Alihubiri. Nilipanga meno, nikasikiliza kwa sikio moja. Lilikuwa hubiri safi. Lilianza na mtu aliyepoteza, likapanda, likafika mahali pa kusema kwamba Mungu huyafuta machozi, likashuka polepole mpaka amina. Dakika kumi na tano kasoro kidogo. Jumamosi ya kwanza alilisema hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo hivyo, na kila alipofika pale pa machozi sauti yake ilikuwa inapita haraka, kama mtu anayevuka barabara yenye magari.

Jumamosi ya nne alimaliza, akashuka kwenye kiti, akachukua taya moja la juu na kulichungulia.

"La nani hili?"

"Mzee mmoja fundi viatu. Rudisha."

Akalirudisha. "Dada."

"Nini."

"Kesho ile mara yangu moja ipo. Ukiona nimekwama, itumie. Usinionee aibu wala usingoje niaibike. Nipokee tu."

"Nitakupokea."

"Ahidi."

"Nimeshasema, wewe. Hiyo ndiyo kazi ya benchi."

"Mama alikuwa anaahidi."

"Naahidi," nikasema, na nikawasha mashine ya kung'arishia ili asiendelee.

Kanisa lilijaa siku hiyo. Watu waliompenda mama walikuja na watu wao. Baba alivaa koti la harusi yake, ambalo sasa lilimkaa kama la kuazima, akakaa safu ya nne. Mama Mlezi alikaa mbele kabisa, karani pembeni yake, fomu juu ya paja na saa ya mkononi ameivua na kuiweka juu ya fomu. Mchungaji alikaa kiti chake nyuma ya mimbari, mikono tumboni, kama anavyokaa kila hubiri la majaribio: macho sakafuni, kijana asije akamtazama akaogopa.

Mama alinifundisha benchi nikiwa na miaka kumi na mbili, nikikaa ubavuni mwake. Hakunifundisha nyimbo, nyimbo kila mtu anazijua. Alinifundisha kuangalia mikono. Alisema mdomo wa mhubiri unaweza kunyamaza kwa sababu mia, mikono ina moja tu. Aliyekwama hugeuza karatasi, hushika ukingo wa mimbari, hujipapasa shati, hutafuta. "Ukiona inatafuta," aliniambia, "usihesabu hata tatu. Mtwae." Kisha aliongeza jambo ambalo wakati ule sikulielewa: "Na kama haitafuti, funga mdomo wako hata kanisa likikutolea macho."

Redio alianza vizuri. Alisoma Neno bila kukimbia. Alisema habari za mtu aliyepoteza, watu wakaitikia. Mzee mmoja nyuma yangu alimwambia jirani yake, "Huyu ni mama yake mtupu," na jirani akaguna. Dakika ya tisa alifika pale pa machozi. Alisema, "Na ninyi mnaolia leo, nawaambia kwamba Mungu..." na akanyamaza.

Nikaiangalia mikono yake. Ilikuwa juu ya karatasi, viganja chini, vidole vimeachana kidogo. Haikugeuza ukurasa. Haikushika ukingo. Ilikuwa imelala kama mikono ya mtu aliyeketi mezani akisubiri chakula.

Nikahesabu tatu. Mikono ikabaki pale pale.

Mpiga kinanda akanipa sauti. Ndivyo anavyofanya: anabonyeza noti moja, taratibu, ili nianze wimbo mahali panapofaa. Noti ikalia ikafa. Akanipa tena. Mama Mlezi akageuza kichwa akanitazama, nyusi juu. Sikuanza. Funguo za mtu zikaanguka sakafuni zikaokotwa. Mtoto akauliza kitu, akazibwa mdomo. Nyuma kabisa kijana mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Redio imekwisha betri," wawili watatu wakacheka puani, wakaacha.

Hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuanza. Ukianzisha wimbo juu ya kichwa cha mwanzishaji, umemwondoa kwenye benchi, na hakuna aliyetaka kumwondoa mtoto wa marehemu. Kwa hiyo kanisa zima likakaa kimya, watu mia tatu, likingojea mdomo wangu.

Nitasema kweli yote, maana nusu ya kwanza peke yake inanipendezesha. Mikono ilikuwa imetulia, na mimi niliiona imetulia, na mama alinifundisha kufunga mdomo. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa sihisi kitu. Nilimwona mdogo wangu amesimama peke yake juu pale, na nilimwona kama ninavyoona taya kwenye rafu. Sijui kama ningetaka kuimba sauti ingetoka. Sikujaribu, kwa hiyo sitajua.

Lakini kimya kilipoendelea nilianza kusikia jambo. Tangu siku mama alipokata roho watu walikuwa wanaimba. Waliimba wodini, waliimba nyumbani siku saba, waliimba njia nzima ya makaburini na wakati udongo unashushwa. Hawakumwachia nafasi ya kuwa amekufa. Sasa, kwa mara ya kwanza, watu wote waliomjua walikuwa ndani ya chumba kimoja na hakuna aliyekuwa akiimba, na mama alikuwa amekufa. Hilo tu. Sikulia. Ila nililijua.

Redio akafumbua mdomo. Hakuendelea pale alipokuwa ameachia.

"Mama yangu amekufa," alisema, "na mimi bado nimeitwa."

Akafunga karatasi zake akashuka. Hakusema amina. Alikwenda kukaa kwenye kiti cha wahubiri vijana, akaweka mikono magotini.

Karani aliandika. Baadaye tulikuja kujua aliandika nini: kimya dakika tatu na sekunde arobaini.

Waliotoka kanisani siku ile walitoka makundi mawili. Wapo waliokwenda kwa Redio wakamshika mkono, na mwanamke mmoja aliyefiwa na mume mwaka jana alisimama naye uani muda mrefu, paji la uso kwa paji la uso. Na wapo waliokuja kwangu.

"Umemwacha mtoto ananing'inia," mzee wa nyuma yangu aliniambia. "Mama yako angetoka kaburini."

"Angetoka angekaa kwenye benchi lake, mzee wangu, mimi nikapumzika."

"Una mdomo."

"Leo sikuutumia. Ndiyo kesi yenyewe."

Mama Mlezi hakunigombeza. Alinivuta pembeni, nyuma ya tangi la maji, akanishika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema fomu itasomeka kwamba hakumaliza. Dakika tisa si hubiri, na sentensi moja si hitimisho. Lakini alikuwa amefikiri njia. Kamati, yaani mchungaji, karani na yeye mwenyewe, ikiamini kwamba kosa ni la benchi na si la mimbari, inaweza kulifuta hubiri lile na kumpa mtoto nafasi nyingine ndani ya wiki mbili. Barua ingewahi chuoni. Kilichotakiwa ni mimi kukubali kwamba nilishindwa kazi yangu kwa sababu ya huzuni, na kuomba msamaha mbele ya kanisa.

"Hakuna atakayekulaumu, mwanangu. Nani hajui ulichopitia? Ni maneno matatu."

"Nitafikiri, mama."

"Ufikiri nini? Ni mdogo wako."

Siku ile jioni tuliosha vyombo pamoja, Redio akisugua, mimi nikisuuza. Baba alikuwa sebuleni na redio ya kweli, ile ya betri, haisikilizi.

"Mama Mlezi amekwambia?" nikamuuliza.

"Ameniambia."

"Unatakaje?"

Alisugua sufuria moja mpaka nikafikiri ataitoboa. "Kwanza nikwambie kitu. Nilikuwa nakusubiri."

Nikaweka sahani chini.

"Nilipofika pale nikaona siwezi kulisema," akaendelea. "Nililisema kwa meno yako Jumamosi nne, lakini watu wana macho, dada. Nikasema moyoni, sawa, dada atanipokea. Nikatulia. Sikutafuta karatasi wala nini kwa sababu nilijua unakuja. Nikasubiri. Kinanda kikalia, nikasema sasa. Kikalia tena. Nikakusubiri mpaka nikachoka kukusubiri. Nilipochoka kabisa ndipo lile neno likaja."

"Kwa hiyo nilikosea kusoma mikono."

"Ulisoma ilichoandika. Haikuandika kila kitu."

"Umenikasirikia?"

"Ndiyo." Aliitafuta sabuni kwenye maji. "Na nikipewa nafasi nyingine nitahubiri vizuri mpaka mwisho, nitasema Mungu anafuta machozi, watasema amina, nitakwenda chuo. Naweza. Ila lile la leo ndilo la kwanza nililolihubiri mimi. Yale mengine alikuwa anahubiri Mama Mlezi kwa mdomo wangu. Sasa usiniulize nataka nini. Nataka vyote viwili."

"Haviko vyote viwili."

"Najua haviko. Ndiyo maana sikujibu." Akanirushia povu. "Suuza hiyo, unaniangalia kama taya."

Kamati ilikaa Jumanne, saa kumi alasiri, ofisi ya kanisa. Ni chumba chembamba chenye meza ndefu kuliko inavyostahili, kwa hiyo mtu akitaka kupita nyuma ya viti lazima wote wavute tumbo. Mchungaji alikaa kichwani mwa meza. Kulia kwake karani, kushoto Mama Mlezi. Redio alibaki nje barazani. Mimi nilitoka kazini moja kwa moja, na plasta ilikuwa bado kwenye kucha zangu.

Mchungaji aliomba, kwa ufupi. Kisha Mama Mlezi alisukuma karatasi juu ya meza mpaka mbele yangu. Alikuwa ameniandikia, ili nisihangaike. Sentensi tatu, kwa mwandiko wa ualimu ulionyooka: kwamba kwa sababu ya msiba wa mama yangu sikuweza kutimiza wajibu wangu, kwamba mhubiri alikwama na mimi nikashindwa kumpokea, kwamba naliomba kanisa na mdogo wangu msamaha.

Niliisoma mara mbili. Napenda lugha iliyoandikwa vizuri, na ile iliandikwa vizuri. Haikuwa na koma iliyokaa vibaya.

"Imeandikwa vizuri, mama," nikasema. "Ila si kweli."

"Ipi si kweli?"

"Kwamba alikwama. Na kwamba nilishindwa. Hakukwama, na mimi niliacha."

Karani alikohoa. Ni mtu wa haki, yule mzee, anayepanga kalamu zake kwa urefu. "Dada, hapa nina dakika tatu na sekunde arobaini. Kama huko si kukwama, kunaitwa nini?"

"Mikono yake ilikuwa imetulia."

"Mikono haina mstari kwenye fomu."

"Basi fomu ina upungufu."

"Fomu ni ya mwaka nisioukumbuka," alisema, bila hasira. "Imewafikisha wengi."

Mchungaji alikuwa anaiangalia meza, vile vile anavyoangalia sakafu wakati wa majaribio. Akaniuliza, "Wewe ulikuwa na hali gani wakati ule?"

Ningeweza kumdanganya. Mlango ulikuwa wazi, nao wote watatu walikuwa wanaushikilia nipite.

"Sikuwa na hali yoyote, mchungaji. Tangu msiba sina hali."

Mama Mlezi alivuta pumzi. "Si ndiyo hiyo? Si ndiyo tunayoisema? Huzuni imekuziba, mwanangu. Sema hivyo hivyo, kwa maneno yako, hatuhitaji hata karatasi yangu."

"Nikisema hivyo mtaandika kwamba lile hubiri lilikuwa ajali."

"Tutaandika kwamba halikuhesabiwa."

"Ndiyo. Kwamba halikuwapo. Alisimama mbele ya watu mia tatu akasema jambo moja la kweli, na mimi niweke sahihi kwamba halikuwapo, kwa sababu ningekuwa mzima ningeliimbia lisitokee."

Nje Redio alikuwa anaongea na mtu, au anaongea tu.

"Unajua ukikataa nini kinafuata," mchungaji alisema. Hakuuliza. "Sina ujanja wa pili. Mimi mwenyewe lile neno limenikosesha usingizi siku mbili, sikufichi. Lakini siwezi kukiandikia chuo kwamba amemaliza wakati hakumaliza. Kesho atakuja mwingine ashuke dakika ya nne aseme ni Roho."

"Najua."

"Na bado?"

"Na bado."

Mama Mlezi aliichukua karatasi yake akaikunja mara mbili, halafu mara nyingine, akaitia kwenye mkoba. Nilitamani nimhurumie na nikajua kwamba namhurumia, kama unavyojua saa ni ngapi.

Wakamwita Redio. Aliingia akavuta tumbo, akapita nyuma ya kiti cha karani, akasimama. Mchungaji alimwambia mwenyewe, akimtazama usoni sasa. Hubiri la tatu halikukamilika. Atasubiri mwaka mmoja, ahubiri tena. Akasema mwaka si adhabu, na kwamba hakuna mtu ndani ya chumba kile mwenye shaka na wito wake.

Redio alisikiliza mpaka mwisho. Macho yalimjaa maji na hakuyafuta.

"Nimesikia, mchungaji. Naomba kuuliza."

"Uliza."

"Huo mwaka, ninaruhusiwa kwenda kwa wafiwa? Si kuhubiri. Kukaa."

Karani alinyanyua kichwa. Mchungaji alimtazama Mama Mlezi, na ni Mama Mlezi aliyejibu, kwa sauti iliyokauka: "Nitakwenda nawe mimi. Alhamisi tuna nyumba moja. Uvae viatu vya kutembea."

"Na nisiseme kitu?"

"Kama utaweza," alisema Mama Mlezi, na kwa mara ya kwanza siku ile mtu alicheka. Alikuwa karani.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Redio aliongea njia nzima, kuhusu viatu, kuhusu nywele za karani, kuhusu mbwa aliyetupita. Aliongea na huku analia, vyote kwa pamoja, bila kukatiza kimoja kwa ajili ya kingine. Mimi nilibeba mkoba wake.

Baba alikuwa ameshapika. Tangu mama aondoke yeye hupika siku asizokuwa na safari ya lori, na hupika kama anavyoendesha, moto mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alituona tukiingia, akaziangalia nyuso zetu, akaelewa. Aliweka mwiko juu ya mfuniko.

"Mwaka," alisema.

"Mwaka," Redio alisema. "Si mbali, baba. Nitakuwa hapa nakuchosha."

Baba aliketi. Alitusubiri tuketi. Chakula kilikuwa mezani kinafuka mvuke, na hakukifungua.

"Mama yenu alitaka jambo moja," alisema. "Alitaka amwone huyu anakwenda chuo. Hakumwona. Nikasema basi mimi nitamwona badala yake, mwaka huu. Ilikuwa neno moja tu kutoka kwako." Alikuwa anasema nami, ingawa alikuwa anatazama chumvi. "Sikuulizi ulifikiri nini. Umesoma, una sababu. Mwombe mdogo wako msamaha. Hapa, mbele yangu. Halafu tule."

"Baba, kinapoa," Redio alisema.

"Kipoe."

Nilimtazama Redio. Naye alinitazama, macho bado mekundu, na hakunisaidia wala hakunizuia. Alikuwa anangoja, kama mtu yeyote anavyongoja kusikia mwingine atasema nini. Mikono yake ilikuwa chini ya meza.

"Siombi," nikasema.

"Hata kwa ajili ya mama yako?"

"Hata kwa ajili yake."

"Mtoto amepoteza mwaka."

"Amepoteza. Na mimi ndiye niliyemwacha asimame pale, nilimwahidi na nikamwacha, yote ninayakubali. Andika popote nitaweka sahihi. Lakini msamaha siombi, baba, maana nikiuomba nimesema afadhali lile neno lake lisingesemwa. Si leo, si Jumapili, wala huo mwaka utakapokwisha."